Saa Moja na Nusu ya Masanja

Bariadi, Jumamosi

Eti saa moja na nusu! Kaka yangu Masanja alipiga simu asubuhi akiwa uwanja wa ndege Dar: "Saa moja na nusu tu angani, nikishatua Mwanza ni kama nimefika nyumbani. Bandikeni wali." Nikaubandika jikoni kwa mama, mjinga mimi.

Ndege haina kosa, ilitua mapema. Tatizo ni shangazi zetu wa njiani. Wa Magu alimkalisha kwenye ugali na maziwa ya mgando, wa Lamadi akamchinjia kuku, na kwetu huwezi kumwambia shangazi umeshiba. Ameingia hapa jua linazama, tumbo mbele, wali wangu umegeuka changarawe.

Na bado akaanza tena: "Mama, Dar ni karibu siku hizi. Saa moja na nusu tu!"

Mama akamtazama. "Kama ni karibu hivyo, mwanangu, mbona mwaka wa nne huu sijakuona?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Safi kabisa, aumbuke.

Mama akanigeukia taratibu. "Na wewe unayekaa hapo Maswa tu, unacheka nini? Bila ndege ya kaka yako, ungekuja leo?"

Nikakusanya sahani nikaenda kuziosha. Zilikuwa safi.