Ndege Kumi na Mmoja na Ndege Moja

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote. Leo mama yangu mzazi ameniamkia, na mimi nimemwitikia.

Aliandika: "Shikamoo Mama Viraka." Nikaitazama simu mpaka mwanga wake ukazimika wenyewe. Ningefanyaje? Usipoitikia shikamoo ya mteja, unampoteza mteja. Ukiitikia shikamoo ya mama yako, unapoteza — sijui, labda meno. Nikaandika: "Marahaba mwanangu."

MWANANGU! Kwa aliyenizaa! Kisha nikaenda kunawa mikono.

Nieleze vizuri, ili nikizeeka nikasoma tena nielewe. Mama Viraka ni mimi. Nilipomaliza shule nilianza kuchora na kushona mablanketi ya viraka humu chumbani, kwa cherehani ya marehemu bibi, mama akiwa kazini. Akisikia cherehani inalia anadhani napinda foronya. Mteja wa kwanza aliniandikia "Habari mama," nikaona haya kumsahihisha. Wa pili akaandika "Shikamoo." Basi. Kufika wiki ya pili nilikuwa na wajukuu wanne na goti bovu.

Kwa mdomo wangu siwezi kuuliza hata bei ya kitana. Lakini Mama Viraka! Mama Viraka anawaambia watu wazima: "Mwanangu, rangi hizo mbili haziivi chungu kimoja, zitagombana kitandani." Na wanatii.

Sasa mama amepewa namba yangu ya pili na mwenzake wa kazini. Anataka blanketi la binti yake.

Binti anaye mmoja tu.

Jumanne, 4 Machi

Mama anakata tiketi stendi ya mabasi, nyuma ya kioo chenye tundu. Akirudi nyumbani bado anaongea kama kioo kipo. "Chakula! Wangapi? Wawili? Haya, vuta kiti!" Hatuna mazungumzo marefu. Lakini kwa Mama Viraka — maskini mama yangu — anaandika kurasa na kurasa.

Anasema binti yake ni mtoto mwema, ila anajifungia ndani kama kobe, na ukimsemesha anaviangalia vidole vyake vya miguu. (Nilikuwa naviangalia wakati nasoma.) Kwa hiyo Jumatatu ijayo anampeleka dukani kwa baba yake mdogo, akauze misumari na mabati, achangamke. Blanketi ni la kumpoza. "Anapenda sana ndege tangu mdogo. Niwekee ndege kumi na wawili. Na wewe umeona mengi, mama yangu, niambie: nafanya vizuri?"

Kwanza, misumari! Baba mdogo hasemi, ananguruma, na anataka wauzaji wake wangurume pia. Saa mbili asubuhi mpaka jua linazama, siku sita! Mama Viraka atashona lini? Atakufa. Atakufa Jumatatu ijayo na goti lake, hajatimiza hata mwaka.

Pili, ndege. Mimi sipendi ndege. Yaani sina ugomvi nao. Nilipokuwa na miaka minne ndege ilipita juu ya nyumba yetu, kubwa, tumbo linang'aa, nikatoka mbio napiga kelele: "Ndege! Ndege!" Mama akatoka. Akatazama juu. Akamwona kunguru kwenye waya wa umeme. Akafurahi sana kwamba mtoto wake anapenda viumbe. Tangu siku hiyo: kikombe cha kasuku. Begi la njiwa. Gauni la bata, nililivaa miaka miwili. Kadi ya kumaliza shule ilikuwa na bundi! Miaka kumi na minne nasema asante.

Hata sasa ngeli haikunihurumia. Angeandika "kumi na mbili" ningeshona za kupaa na abiria, nikajitetea kwa sarufi. Lakini mama ameandika sawasawa kabisa. Kumi na wawili. Wenye manyoya.

Jumatano, 5 Machi

Nimejiwekea kanuni na kuibandika nyuma ya kalenda: kazi saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Baada ya hapo mimi ni mtoto wa watu, nina rafiki, nina maisha.

Kanuni imevunjika saa kumi na moja. Nitafanyaje ikiwa mteja yuko sebuleni? Namsikia kupitia ukutani anavyobonyeza — kidole kimoja, anaguna, anafuta, anabonyeza — halafu simu inatetemeka chini ya mto wangu. Nikijibu, nasikia yake inalia kule. Nimekohoa mara sita ili kuifunika. Mama akaniletea maji ya moto na ndimu. Nikayanywa, nikarudi kumjibu.

Aliuliza tena kuhusu misumari. Niliandika majibu matatu.

La kwanza: Hapana.
La pili: HAPANA.
La tatu: "Mwanangu, umewahi kumuuliza mwenyewe? Na hao ndege, umewahi kumuuliza ni ndege gani?"

Nililituma la tatu. Mama Viraka si mwongo. Yaani, ni mwongo tangu jina lake, lakini hatumii uongo kujipendelea.

Nikamsikia anabonyeza, anafuta, anabonyeza. Kisha: "Sijawahi, mama."

Basi wakati wa chakula mama akaweka kijiko chini. Akaniuliza, bila kelele, kama ninapenda ndege. Nikasema ndiyo. Ndege gani? Sasa si ndiyo hapo? Miaka kumi na minne nangoja swali hilo! Mdomo ukafunguka. Nikasema:

"Wote."

WOTE! Hata ngeli nikakosea, badala ya kusema "zote"! Akauliza duka la baba mdogo nalitaka? Nikasema, "Sawa tu." Halafu nikaviangalia vidole vya miguu, vyote kumi, kimoja kimoja.

Baada ya robo saa simu ikatetemeka. "Shikamoo. Nimemuuliza. Anasema wote, na duka sawa tu. Endelea na wa manyoya."

Marahaba, nikaandika. Ningeweza kujing'ata.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimekwenda kwa Fundi na kwa Chiriku, kazi na maisha siku moja. Mshika mawili!

Fundi ni fundi cherehani wa pale kona. Ananipa mabaki ya vitambaa, na wateja wa Mama Viraka wanachukulia mizigo yao kwake. Nilimwambia zamani kwamba mama huyo hawezi kutembea, mimi ni mtumwa wake tu. Fundi amefiwa na mkewe miaka mingi. Leo nilimkuta ana shati jipya, pasi imepita mpaka kwenye kola. Akafunua kazi ya juzi, akaigeuza upande wa nyuma, akapitisha kidole.

"Mkono huu!" akasema. "Hakuna mshono hata mmoja unaochungulia. Binti, mwanamke anayeshona nyuma kama mbele hana hila."

Nikaviangalia vidole.

Akanipa kopo la dawa ya kuchua, ya goti. Halafu akashusha sauti, nimwambie Mama Viraka kwamba yeye ana vyumba viwili, hana makuu, na hakoromi. Nikasema nitafikisha. Nimefikisha! Kopo liko hapa mezani. Linanuka kama betri.

Kisha Chiriku, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Jina alipewa na mwalimu kwa sababu hanyamazi. Anaenda chuo wiki ijayo. Alinipokea kibarazani kwao na maneno yake tayari: siku hizi kuniona ni kama kuona mwezi mchana, nimeolewa na cherehani au vipi? Nikataka kumwambia yote. Kweli nilitaka. Nikakaa kwenye kiti kwanza — nikaruka! Pini saba nilizisahau nyuma ya sketi. Chiriku alicheka mpaka akalala sakafuni, nami nikacheka, na kumbe nilikuwa nimesahau kwamba nina rafiki. Alizichomoa moja moja akizihesabu kwa sauti, mtaa mzima ulisikia. Sikumwambia. Lakini nilikaa mpaka saa kumi na mbili, na sikuangalia simu.

Jumbe tisa. Tano za mama.

Ijumaa, 7 Machi

Kesho mama anachukua. Tangu asubuhi ni mkasi na chaki.

Ndege wamekaa vizuri. Nimewapanga mistari mitatu, wanne wanne. Njiwa wa shati la baba la zamani, bata wa lile gauni la bata (ndiyo! limepata kazi mpya), kunguru mmoja kwenye waya wa uzi mweusi. Tabaka la pamba katikati, kitambaa cha chini cha kijani. Wa kumi na moja alipokamilika saa nane, nikakaa nikalitazama lile pengo la mwisho, pembeni juu kulia.

Nikasema, huyu nitamfanya bundi. Nikachora bundi. Nikamwangalia. Akaniangalia. Nikaigeuza karatasi.

Nikachora ndege. Ndege! Mabawa mawili marefu, mkia, madirisha madogo tisa. Mkono ulikwenda wenyewe, kama umeifanya kazi hiyo miaka yote nikiwa nimelala. Lakini kitambaa cha kijivu sikuwa nacho. Nilitafuta kapu zima, wapi! Nikaenda jikoni kunywa maji, na hapo nikaliona pazia. La kijivu, lenye mstari mwembamba mwekundu. Mstari ule ule ambao kila ndege ya abiria huwa nao ubavuni!

Upande mmoja wa pazia hilo unajificha nyuma ya friji. Hakuna anayeuona. Nilikata kipande kidogo tu, kama kiganja.

Sawa, viganja viwili.

Basi wako ndege kumi na mmoja, na ndege moja. Mama hatagundua. Au atagundua atasema ni mwewe.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekuwa mjinga. Mjinga wa kuwekwa kwenye makumbusho!

Mzigo niliupeleka kwa Fundi asubuhi na mapema. Nilipofika nyumbani ndipo akili ikanijia: mama ataongea na Fundi. Na Fundi, ukimtajia Mama Viraka, hafungi mdomo. Atamwambia nani huleta mizigo! Nikatoka mbio. Nikafika kona nimeshika kifua — mama alikuwa anaondoka, kifurushi kwapani, kwa njia ya upande wa pili.

Fundi alikuwa anatabasamu mpaka kwenye masikio. "Kumbe yule wa tiketi ndiye mama yako! Hukuniambia! Nilipokutaja tu, akasema binti huyo ni wake. Nimekusifu sana, nimemwambia bila wewe kumbeba yule mama mgonjwa, hizi kazi zisingefika mjini."

Halafu mama alisema nini?

"Aliligeuza akatazama nyuma. Akauliza yule mama anakaa wapi, nikamwambia binti ndiye ajuaye."

Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa kobe. Mama alikuwa ameshaliweka blanketi juu ya kabati. Akasema chakula kipo. Hakuuliza wangapi.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi. Hajasema.

Saa sita. Hajasema. Baba mdogo amepiga simu, sauti yake nimeisikia kutoka chumbani: kesho saa mbili kamili, na viatu vya kufunika vidole! Mama akamjibu kwamba atampigia baadaye.

Saa tisa. Sasa naandika haraka. Ameingia na blanketi, akalitandaza kitandani kwangu. Akasema, "Zawadi yako." Nikasema asante, ile asante yangu ya siku zote. Akapiga magoti akaanza kuhesabu kwa kidole. Mmoja, wawili. Kwenye bata akacheka kidogo puani. Kwenye kunguru akaufuata ule waya wa uzi mpaka mwisho. Kumi. Kumi na mmoja. Kidole kikapanda pembeni juu kulia, kikatulia.

"Na hii?"

Vidole vya miguu vilikuwa pale pale. Nikaviacha.

"Ndege," nikasema.

"Naona ni ndege." Akahesabu madirisha. Yote tisa. "Mama Viraka kakosea?"

"Hajakosea."

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyomwambia wiki hii. Akapapasa bawa, akausugua ule mstari mwekundu kwa kucha. Kisha akasimama, akasema anaenda kuchemsha maji.

Maji hayakuchemka. Nilichosikia ni friji inaburutwa — krrrrr! — halafu pazia linavutwa. Halafu inarudishwa taratibu mahali pake.

Sasa hivi simu imetetemeka. Imetetemeka juu ya kitanda, juu ya blanketi, juu ya bata. Safari hii haikuanza na shikamoo.

"Mama Viraka. Pazia langu limepandaje ndege?"

Halafu nyingine: "Ulisema nimuulize mwenyewe. Nilimuuliza mezani akaniambia sawa tu. Labda nilimuuliza mahali pabaya. Namuuliza hapa. Kesho anataka kwenda wapi?"

Sijibu kama Mama Viraka. Nimeandika: "Shikamoo mama." Nikaitazama. Inakaa vizuri. Imekaa upande wake. Nikaongeza: "Misumari sitaki. Nataka" — na hapo nimekwama, kwa sababu ni mengi, na kidole ni kimoja, sasa najua nimekirithi kwa nani. Sijatuma. Kule jikoni hakuna hata kijiko kinacholia. Anangoja. Sijakohoa.

Daftari, sikiliza. Haya mengine yakitoka, yatoke. Lakini Fundi asijue leo, jamani, ana shati jipya. Na mama akikushika, akakuuliza ni nani aliyekuwa anaitikia zile marahaba zote, wewe ni karatasi. Karatasi haijui kitu. Nakuomba.

Ndara zinakuja koridoni. Bado sijabonye