Fundi wa Manzese Anaumwa

Goba, Jumatatu

Mdogo wangu Benson,

Sie hatujambo. Mama kagombana na kuku wa jirani mpaka nikawaonea huruma kuku. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningeshakuamrisha.

Shule inaninyoosha. Nilidhani kwa uuguzi wangu wa miaka yote, kusomea ushauri wa magonjwa ya kurithi kungekuwa mteremko. Juzi tukiigiza darasani, mwenzangu akajifanya mteja, akaniuliza afanye nini. Nikamwambia! Mwalimu akanikatiza: "Bupe, wewe eleza. Kuamua ni kwake." Mie huyu, niliyekuchagulia hata viatu vya kipaimara!

Majibu ya vipimo mliyonitumia nimeyasoma. Wewe na Demetria wote mmebeba selimundu, ingawa hamuumwi. Katika kila mimba, ipo nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Unaniuliza, "Dada, tuoane au tuache?" Nimeliandika jibu, nikalichana. Njooni wote wawili, niwaeleze mpaka muelewe. Kuamua ni kwenu, na lolote mtakaloamua mie ni dada yenu.

Mama hajui, na kwangu hatajua. Kila siku anauliza sare za harusi zimefikia wapi. Nimemwambia fundi wa Manzese anaumwa. Jana kamwombea kanisani, kwa machozi.

Basi fundi ataendelea kuumwa, mdogo wangu, mpaka wewe uniambie kapona.

Dada yako anayejiuma ulimi,
Bupe