Pete ya Mama kwenye Negativu

Mtaa wa Manakh,
Port Said.
9 Februari 2018

Mpendwa kaka Wagdi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko Montreal? Sisi wazima, Alhamdulillahi. Magoti yanamsumbua Baba, ila kahawa yake ya asubuhi haimpiti. Shangazi Inayat bado yuko ghorofa ya chini, masikio mazito, ulimi mwepesi vile vile.

Unalikumbuka lile bati la biskuti za Idi? Marehemu Mama alilipakata pamoja nawe, ukiwa mchanga, siku watu walipohamishwa mjini wakati wa vita na albamu zote zikabaki. Ndani zimo negativu, zile filamu za picha, za Baba za ujanani. Nimenunua skana ili zigeuke picha.

Muuzaji alinisifia ile ndogo, inayomaliza picha kufumba na kufumbua. Lakini filamu za Baba ni pana kama kiganja cha mtoto, hazipiti kwenye kidirisha chake. Nikachukua hii kubwa iliyokwisha kutumika, ya kulaza juu ya kioo, yenye taa kwenye kifuniko. Ni kobe, dakika tano kwa picha moja. Dakika tano hizo ndizo ninazozipenda.

Kila asubuhi navuta mapazia, navaa glavu za pamba, napangusa vumbi kwa brashi laini, nangoja. Picha inashuka polepole kwenye kompyuta: nywele, paji la uso, macho. Meli zinapiga honi kwenye Mfereji nami sijui niko mwaka gani. Juzi nilimwona Baba ana nywele! Nikacheka peke yangu kama kichaa.

Sasa jambo lenyewe. Jumatatu nilitoa negativu moja kwenye karatasi aliyoiandika Baba: "Ruhiya, mwezi mmoja kabla ya harusi." Mama kasimama dirishani, gauni la maua, mkono kauweka shingoni. Pete iko mkono wa kushoto.

Mchumba huivaa kulia, haihamii kushoto mpaka siku ya harusi. Na lile neno la Shangazi unalijua, kwamba Mama alikuwa mke wa mtu kabla ya Baba, na kwamba wewe si damu ya Baba yetu Shawkat. Hukuwahi kulitaja, lakini mimi najua ndilo lililokutoa nyumbani.

Bahati mbaya Shangazi alikuwa amepanda kuomba limau.

"Ehee! Nilisema mimi! Miaka hamsini mnaniita mwongo!"

"Inayat, funga bakuli lako," Baba akasema. "Pete ile nilimvisha mimi, mkono wa kulia, na wewe ulikuwepo unabugia sharbati."

"Basi iliruka yenyewe?"

Baba aliisukuma sahani ya bamia bila kuionja, akaenda kulala. Niliumia, Wagdi. Nilitamani mashine ile niitupe baharini.

Siku mbili niliitazama ile picha. Alikuwa Mama, lakini Mama niliyemzoea mahali fulani ambapo sipakumbuki. Halafu pakanijia: asubuhi za shule, mimi kwenye kigoda mbele ya kabati, yeye nyuma yangu ananisuka, nami namtazama kwenye kioo. Ndiye huyo! Nilikuwa nimeilaza negativu kinyume, kulia kukawa kushoto kama kwenye kioo. Upande unaong'aa ndio hugusa kioo cha mashine. Mimi niliogopa kuukwaruza, nikaulaza ule usiong'aa.

Nikaigeuza. Dakika tano za safari hii hazikuisha. Pete ikashuka mkono wa kulia.

Nilianza na Shangazi. Alivaa miwani, akaitazama mpaka mimi nikachoka kusimama.

"Kulia," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, "Mwandikie kijana wetu."

Baba hakuishangaa ile iliyo sawa, maana yeye alikuwepo. Aliomba ile niliyokosea.

"Hivi ndivyo alivyokuwa akijiona?"

"Ndiyo, Baba."

"Miaka arobaini na saba nimekaa naye, na uso huu alikuwa nao peke yake." Ameiweka kando ya kitanda, na ole wake atakayeigusa.

Nakala za picha zote mbili nimezitia ndani ya bahasha hii. Imebaki negativu moja tu. Karatasi yake imeandikwa, "Mwanangu Wagdi, siku ya saba." Baba amenikataza kuiweka kwenye mashine. Anasema ukija nyumbani mtaketi naye wawili, mapazia yamevutwa, muione ikishuka.

Nisalimie Mireille na mabinti. Baba anakusalimu, Shangazi naye anakusalimu, kwa mara ya kwanza bila kuambiwa. Mungu akukinge na barafu, akufikishe mlangoni kwetu magoti ya Baba yakiwa bado yanaweza kuinuka kukupokea.

Dada yako akupendaye, anayekungoja,
Inshirah