Naenda Tijuana, Siku Mbili Tu

Jumapili, 9 Novemba. Miaka saba na miezi miwili tangu niondoke Tunduma.

Mvua ya London leo haikunyesha, ilining'inia tu hewani kama moshi. Mgongo unauma. Wiki nzima tumepandisha bodi za jipsamu kwa mabega hadi ghorofa ya nne, maana lifti ya saiti ni mbovu. Ila moyo umechangamka. Nimeketi jikoni kwa mama mwenye nyumba, hapa Kingsbury, napanga safari.

Naenda Tijuana. Ni mji wa Mexico, umegusana kabisa na Marekani.

Kazini nimewaambia naenda kutalii. Si uongo. Nimeandika kwenye karatasi vitu vya kuona: soko, barabara kuu ya watalii, na punda waliopakwa mistari myeupe na myeusi ili wageni wapige nao picha kama pundamilia. Mama Hansa, mwenye nyumba wangu, aliposikia hilo la punda alicheka mpaka akavua miwani. Ni Mhindi aliyezaliwa Mbeya, akaondoka akiwa msichana, na Kiswahili chake amekitunza vilevile alivyokuja nacho.

"Wewe toka Tanzania, pundamilia ya kweli iko palepale. Sasa napanda ndege kwenda ona punda ya rangi?"

"Ndiyo, mama. Ile ya kweli sijawahi kuiona."

Kweli kabisa. Tunduma hatukuwa na pundamilia. Tulikuwa na mpaka.

Upande huu wa barabara ni kwetu, upande ule ni Nakonde, Zambia. Tukitumwa chumvi tulinunua upande ambao duka halijajaa watu. Pasipoti sikuijua mpaka nimeota ndevu. Ninachokikumbuka zaidi ni kusindikizana. Shangazi yangu aliolewa Nakonde. Akija kututembelea, jioni mimi na dada Tabu tulimsindikiza mpaka kwake. Tukifika anasema watoto hawarudi peke yao, anatusindikiza mpaka kwetu. Tukifika kwetu, mama anasema wifi yake naye harudi peke yake. Basi tunageuza tena. Kuna siku tulivuka nchi mara tano kwa jioni moja, baridi ya mwezi wa saba inatuuma masikio, na shangazi anaanza hadithi mpya kila tukikaribia mlango ili tusiachane.

Mpaka kwetu ulikuwa kitu unachokivuka huku unaongea.

Sasa nikiri jambo. Dada Tabu aliondoka kwenda Marekani miaka kumi na miwili iliyopita, na sikumsindikiza. Baba alikuwa amefariki mwaka uleule. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili nibebe mizigo, halafu anayeondoka ni yeye. Nilijifungia chumbani. Alibisha mara tatu. "Mdogo wangu, basi linaondoka." Nilikaa kimya kama sipo.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango.

Sasa yuko San Diego, ng'ambo tu ya Tijuana, anafua nguo katika nyumba ya kulelea wazee. Maombi yake ya ukaazi bado hayajajibiwa, na akitoka Marekani hatarudi tena. Mimi Marekani wameninyima viza mara mbili. Lakini Mexico naruhusiwa, kwa sababu ya ukaazi wa kudumu nilioupata hapa mwaka jana. Miji hiyo miwili ni kama Tunduma na Nakonde, isipokuwa katikati kuna uzio wa vyuma unaoshuka mpaka ndani ya bahari.

Asubuhi nilifanya kosa la mtu wa Tunduma. Nilichagua tiketi inayopitia Los Angeles. Kidole kilikuwa tayari kubonyeza. Mama Hansa akavaa miwani yake, akaiinamia simu.

"Hii Los Angeles iko Mexico?"

"Hapana, mama. Napita tu, siingii."

"Napita na viza gani, mjinga wewe?"

Kwetu kupita hakukuwa kuingia. Mtu alikata kona ya Zambia akienda kisimani, na hakuna aliyemuuliza kitu. Kumbe Wamarekani wanamdai viza hata anayebadilisha ndege tu. Ningezuiwa hapahapa London, begi mkononi, na dada ananisubiri kule.

Tumetafuta upya, kupitia Mexico City. Ni mbali zaidi, na siku zangu tatu za kule zimekuwa mbili. Jumamosi nitazunguka, nitakula, nitapiga picha na punda. Jumapili ndiyo yenyewe, ya kwenda kwenye uzio, maana ndiyo siku pekee ambayo dada hayuko kazini.

Nilimpigia jioni, kwake asubuhi. Nilidhani atashangilia.

"Daudi, upande wangu hawaturuhusu kuusogelea uzio. Nitasimama mbali, mchangani. Utaniona kama sisimizi."

"Nitavaa jaketi la kazini, lile linalong'aa. Wewe utaniona."

"Yaani unakuja kote huko kunipungia mkono?"

Hapo nikamwambia. Kwamba siku ile nilikuwepo, nilisikia kila alipobisha. Miaka kumi na miwili sikuwahi kulisema.

"Najua," akasema. "Niliona vidole vyako chini ya mlango."

Akaanza kulia, na mimi nikamfuata. Mama Hansa alibandika chai bila kuuliza kitu.

Sasa ninachokiogopa ni ukungu tu. Dada anasema pwani ile kuna asubuhi haionekani kabisa mpaka saa sita. Nimemwambia hata ukiwepo tutasubiri uondoke, mimi sina pa kwenda.

Naondoka Ijumaa tarehe 21. Jumanne tarehe 25 jioni nitakuwa hapa, na Jumatano saa moja asubuhi niko kwenye ngazi na bodi begani. Fomeni asiwe na wasiwasi.

Na Tunduma nitarudi mwezi wa saba, wakati wa baridi. Mama yangu nimeshamwambia.