Mtaro wa Pili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mama anasema goti limepoa. Mdomo wake bado.

Jana kiwandani tulifukua waya zako za mawasiliano, mita mia mbili kutoka ofisini hadi ghalani. Nilichuchumaa nikaduwaa. Za umeme zina mtaro wao, za mawasiliano wao, hatua mbili kati yao mwanzo hadi mwisho. Zinakatizana mahali pamoja tu, msalaba kabisa, na katikati umeweka tofali. "Hawa ni wakwe," ulikuwa ukisema, "wapishane kwa heshima, wasilale chumba kimoja." Miaka tisa, na kompyuta za ghalani hazijawahi kugoma.

Zinazotusumbua ni waya za getini. Kila pampu ya maji ikiwaka, umeme wake unavuruga waya za kamera na picha zinapotea. Mhandisi mgeni, aliyetaka tufukue pande zote mbili alinganishe, alitazama mtaro wako, akatazama ule wa getini ambamo waya za umeme na za kamera zimerundikwa pamoja, akauliza, "Fundi wa huku ni nani? Na wa kule?"

Wa kule ni mimi, Mjomba. Walipokufukuza eti unachelewesha kazi kwa kuchimba mara mbili, kazi ya getini walinipa mimi, nikachimba mara moja. Siku ile uliponitazama, niliangalia viatu vyangu.

Nimemjibu mhandisi yote mawili. Yeye anataka uje utusimamie. Mimi naomba uje tu. Mtaro wa pili nimeshauanza, kwa sururu yako uliyoiacha.

Mpwa wako,
Mchimba Mara Moja