Supu ya Trauti

Jumamosi, Julai 1973

Kuna jambo la mtoni nimemficha mke wangu tangu mwaka wa Uhuru, na kifua hiki hakinipi muda wa kuendelea kulificha.

Leo Mama Elia amechukua ufito wangu wa kuvulia, akateremka kwenye kijito cha Magamba kunitafutia samaki wa trauti wa supu, maana sijameza kitu tangu juzi. Baridi hii, na miguu yake ile! Nilimwita, sauti haikufika.

Amerudi jioni, gauni limelowa hadi magotini, kikapu kitupu, anacheka.

"Baba Elia, unisamehe. Miaka yote umerudi mikono mitupu, nikakuita mvivu. Kumbe samaki wenyewe wachoyo! Wanakuja, wanamdonoa yule mdudu wako wa manyoya, wanamtema."

"Pole, mama."

"Kesho narudi. Watanijua!"

Kisha akanipikia uji, akaninywesha kijiko kwa kijiko. Namshukuru Mungu kwa mwanamke huyu kuliko kwa shule yote niliyosoma.

Lakini asirudi kwenye maji yale. Nitamwambia kesho kabla ya chai. Nilikuwa nikitoka kwenye mikutano ya kijiji nimechoka na maneno, nakaa kutazama wadudu wakitoka chini ya mawe, wakiota mbawa juu ya maji, na trauti wakiruka kuwadaka. Nikawatengenezea mdudu wa manyoya ya jogoo, nikamfunga kwenye ndoano, ili tu niwaone wakiruka. Sikutaka kuua hata mmoja.

Ndoano zangu zote nilizikata ncha.