Geti Uliloliacha Lilie

Ni mwaka mmoja sasa tangu uvue kofia yako ya bluu, ukaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, ukasema unajilaza kidogo. Hukuamka tena, Baba. Kofia bado ipo pale pale. Hakuna aliyethubutu kuitundika kwingine, na wewe unajua jinsi watu wa nyumba hii tunavyochukia kitu kuhamishwa.

Tunakuandikia sote. Kalamu anayo Mama. Mwanao wa kiume amekaa kando yake anakagua kila nukta kama ulivyokuwa ukikagua viungo vya bomba, na binti yako mkubwa anazunguka chumbani, maana akikaa hawezi kufikiri. Hatujabadilika hata kidogo.

Waliokuja kutupa pole walisema ulikuwa mtu mkimya. Sisi tulitazamana tu. Hao hawakuwahi kukuuliza habari za maji. Ungeulizwa kwa nini koki ya juu inatoa hewa badala ya maji, chai ingepoa, ingepashwa moto, ingepoa tena, na mgeni angekuwa bado anatafuta njia ya kuaga.

Mama anaikumbuka siku mliyompeleka binti yenu kwa daktari, alipokuwa darasa la kwanza na kelele za wenzake zikimfanya ajifiche chini ya dawati. Daktari akaeleza usonji ni nini. Akataja masikio yanayoumizwa na sauti, akataja kushindwa kumtazama mtu machoni, akataja kupenda jambo moja hadi kulijua ndani nje. Wewe ukasema, "Lakini hayo hata mimi ninayo." Mama naye akasema, "Na mimi." Daktari akaweka kalamu chini. Njiani ulitembea ukiwa mwepesi, ukawa unarudia, "Kumbe haikuwa ukaidi." Mama akalia, na wewe, kwa kuwa hukujua ufanye nini, ukampokea mkoba. Anasema hajawahi kubembelezwa vizuri kuliko siku ile.

Kazi za kuajiriwa zilikushinda, na si kwa uvivu. Bosi akisema bomba lifunikwe hivyo hivyo, wewe unalifungua upya. Ndipo wewe na Mama mkaamua kununua nyumba ya kupangisha. Ndugu walishika vichwa. Watu wawili wasiopenda wageni, wanakwenda kuishi na wapangaji! Ukawajibu kwamba nyumba ukiiacha mahali jioni, asubuhi unaikuta pale pale, na haijakununia.

Na ulivyoitafuta! Ulikataa katakata kukagua nyumba jua likiwaka. Mvua ikianza kumwagika na wenzako wakikimbilia ndani, wewe unachukua mwavuli unakwenda kusimama katika ua wa watu, kuangalia maji yanaelekea wapi. Dalali mmoja alimnong'oneza Mama, akiuliza kama kuna hospitali unayotibiwa. Hii uliyoichagua mwishowe ilikuwa na dari iliyooza na milango iliyopinda, lakini maji yake yalijua njia ya kutokea. Mkakarabati chumba kimoja kimoja, sisi tukibanana katika vile vya mbele.

Wapangaji wako bado wanacheka wakikumbuka ujumbe uliokuwa ukiwatumia siku moja kabla. "Kesho asubuhi nitakuja kutengeneza koki ya jikoni. Nitavaa kofia ya bluu." Fundi viatu wa chumba cha kati alikuuliza, "Mzee, kwani tutakuchanganya na nani?" Ukamjibu bila hata tabasamu, "Mimi huwachanganya watu. Nikadhani labda na nyinyi."

Ukifika mlangoni unabisha, unarudi nyuma hatua chache, kisha unageuka kuutazama ua, ili anayefungua asikutane na macho ya mtu ghafla. Halafu mnasimama bega kwa bega mkiangalia kile kilichoharibika, na maneno yanakuja yenyewe. Binti yako alipokuwa akihangaika na salamu ulimwambia, "Salamu ni kama koki, mwanangu. Fungua, acha itiririke kidogo, funga." Mpaka leo ndivyo anavyosalimia.

Ulikuwa hulazi kazi. Kitasa kikilegea asubuhi, jioni kimekazwa. Isipokuwa geti. Jamani, lile geti! Likifunguliwa linalia hadi meno yanauma. Wewe mwenyewe ulikuwa unatia pamba masikioni. Mwanao alikuwa anakimbilia bafuni. Binti yako alikusihi tangu akiwa mtoto: tone moja tu la mafuta kwenye bawaba, Baba. Na kila mara ulimjibu maneno mawili, "Leo hapana." Tukafanya utani kwamba mungu wa mafundi amekuandikia kazi moja usiyoiweza.

Ulipoondoka, mdogo wako alimkalisha Mama chini. Hakuwa na nia mbaya, tunajua anatupenda. Alisema, "Shemeji, nyumba ya kupangisha ni watu. Kaka alikuwa amezoea. Hawa watoto wataweza kweli? Uzeni, mnunue pahali padogo mkae kwa amani." Mama alikuwa amechoka kwa huzuni. Akasema tutajaribu, lakini akihama mpangaji hata mmoja kwa sababu yetu, atauza. Na Mama akishasema, wewe unajua, amesema.

Basi binti yako akajifunga kibwebwe. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua chupa ya mafuta, akaenda getini, akakumalizia ile kazi yako moja iliyobaki. Alizipaka bawaba kwa upole, anafuta, anapaka tena. Alilisukuma geti likafunguka kimya kabisa. Alisimama pale akalia kwa furaha, akidhani amekuheshimu.

Haikupita muda, yule bibi wa chumba cha mwisho akaanza kufunga mizigo. Bibi wako kipenzi, ambaye binti yake hufanya kazi kwenye duka la mikate na hurudi giza likishaingia. Hakusema sababu. Alisema tu nyumba imemshinda. Na kama vile tulikuwa tumepangiwa, siku hiyo hiyo Baba mdogo akaja na dalali, wakaingia uani, wakawa wanapima kuta kwa macho.

Binti yako anasema alitaka kurudi chini ya lile dawati. Alijua akishindwa kusema na bibi, nyumba imekwenda, na vyumba ulivyovipaka rangi kwa mkono wako vimekwenda nayo. Akaenda, akabisha. Akarudi nyuma hatua chache. Akageuka kuutazama ua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni wewe? Sogea hapa."

Wakasimama bega kwa bega. Hakukuwa na kitu kilichoharibika cha kuangalia, kwa hiyo wakaangalia ndoo ya bibi iliyokuwa mlangoni.

"Bibi, tumekukosea nini? Niambie wazi, mimi nikizungushwa sielewi."

Bibi akavuta pumzi. "Hamjanikosea kwa makusudi. Lakini nyumba hii siku hizi watu wanatokea tu. Sasa hivi kuna wanaume wawili hapo, mimi nimewajua walipokohoa. Macho yangu yameisha, mwanangu. Zamani geti likilia najua nani ameingia. Fundi viatu analipiga teke. Binti yangu analisukuma polepole, linaburuta sauti mpaka mwisho, na mimi nikishaisikia hiyo ndipo ninalala. Sasa usingizi nitaupata wapi?"

"Mbona hukumwambia Baba?"

"Nilimwambia! Siku alipokuja na kikopo chake cha mafuta. Nikamwomba asilitie, na asimwambie mtu kuwa sioni, maana binti yangu akijua ataacha kazi akae ananilinda. Akasema sawa. Basi. Hakuniuliza la pili."

Baba, kwa hiyo ulikuwa unatia pamba masikioni kila jioni, miaka yote hiyo, kwa ajili ya usingizi wa bibi wa watu. Hukuwahi kutudanganya hata kidogo. Ulisema leo hapana, na kila siku kwako ilikuwa leo.

Binti yako hakujua kumkumbatia bibi. Bibi alipoinama kuibeba ile ndoo, akampokea. Akasema, "Bibi, mafuta nimeyatia mimi. Nitayatoa. Usihame kabla hujasikia."

Dalali aliyekuwa amesogea akacheka. "Kutoa mafuta getini? Nimeuza nyumba nyingi, hilo sijapata kulisikia."

"Basi na hii hutaiuza," bibi akamjibu. Kisha akageuza uso upande ilikotoka sauti ya Baba mdogo. "Kaka yako alikuwa anaongea na mimi sauti yake ikielekea kwenye ndoo. Huyu naye sauti yake inaelekea kwenye ndoo. Mimi mwenye nyumba wangu nimempata."

Baba mdogo naye akaitazama ile ndoo. Halafu akamwambia dalali, "Twende, ndugu yangu, nikupe nauli." Jioni alirudi peke yake na mafuta ya taa na sabuni, akakunja mikono ya shati, yeye na mwanao wakazisugua bawaba hadi zikang'aa. Tukalifungia geti kopo la misumari ili lipige kelele kwa muda, tukaanza kungoja kutu. Hatujui familia nyingine iliyowahi kuombea kutu. Bibi mwenyewe alimweleza bintiye habari za macho yake, kwa hiari yake, na duka la mikate halijaachwa.

Mvua zikaja. Binti yako akachukua mwavuli wako akasimama uani kuangalia maji yanavyokwenda. Yanakwenda vizuri, Baba.

Na juzi jioni alikuwa jikoni, pamba mfukoni, akipika chai. Geti likalia. Kilio kile kile, kirefu, cha kuumiza meno. Safari hii hakuziba masikio. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kabati, akatoa kikombe chako akakiweka mezani mahali pako, maana tangu utotoni mwake geti likilia saa ile, ni wewe umerudi. Ndipo akakumbuka. Mama alimwona. Mwanao alimwona. Hakuna aliyekiondoa kikombe. Tulikaa nacho hadi chai ikapoa.

Unakumbukwa na mke wako, aliyeshika kalamu hii. Binti yako, mwenye nyumba sasa. Mwanao, mkagua nukta. Mdogo wako, ambaye siku hizi kabla hajaja hututumia ujumbe kwamba atavaa shati jeupe. Na wapangaji wako wote, fundi viatu, muuza mikate na mama yake.

Daima tutakukumbuka, Baba. Na ile kazi yako moja hatutaimaliza. Leo hapana.